Spana moja tu

Wasomaji wangu, leo sizungumzii simu mpya wala lugha za programu. Nazungumzia pampu ya maji. Vumilieni kidogo.

Huku Kwale, miaka ya 1980, pampu za mkono zilijaribiwa vijijini katika mradi ulioungwa mkono na UNDP na Benki ya Dunia. Ndimo ilimokomaa Afridev, pampu yenye asili ya Malawi ambayo sasa utaikuta nchi nyingi za Afrika. Wewe toka Diani kuelekea Msambweni, chepuka barabarani kidogo, utaiona.

Sharti la wabunifu lilikuwa hili: ikiharibika, wanakijiji waitengeneze wenyewe. Pampu nyingi za zamani zilihitaji gari, kikosi cha mafundi, na bomba zima kung'olewa kisimani. Mpaka wafike, kina mama wamesharudi kwenye dimbwi. Afridev hufunguliwa kwa spana moja. Pistoni na vali ya chini huvutwa kupitia juu, bomba likibaki mahali pake. Vyuma vya ndani hushikana kwa kulabu. Na kina mama wa hapa walifunzwa kazi hiyo, jambo ambalo kampuni nyingi za kompyuta bado zinalipigia porojo tu.

Spana peke yake haitoshi, najua. Vipuri visipopatikana, pampu hulala vilevile. Ndiyo maana baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu za Kwale vifaa vinavyotuma habari kwa mtandao wa simu, fundi ajue mapema. Mtumiaji hakuongezewa hata kitufe kimoja! Huo ndio usanifu ninaouheshimu.

Nayasema haya kwa sababu naandika programu ya simu ya kuweka michango ya kamati moja ya maji karibu na Msambweni. Mweka hazina ni mama wa makamo. Mwenzangu anataka kila sahihisho lipitie kwetu, eti usalama. Nimekataa. Akiandika 500 badala ya 50, atasahihisha mwenyewe papo hapo, na ile 500 itabaki ikionekana kwa wanakamati wote. Tukimfungia, ataitwa mwizi kijijini mpaka mimi nipate nafasi ya kupokea simu.

Tumebishana wiki mbili sasa. Mama anaijaribu Jumamosi, na nimemwomba mwenzangu aje akae pembeni, asiseme neno.