Babu, kwa Nini Hukukwepa?

Kazi ya kuzunguka mashuleni nikifundisha usalama wa reli niliipata kwa sababu ya magoti. Daktari alinikataza kupanda tena ngazi za kichwa cha treni, na kwa kuwa pensheni ilikuwa bado mbali kidogo, nikakabidhiwa kizibao cha njano, bango moja kubwa na orodha ya shule za msingi zilizo karibu na reli. Wenzangu niliosoma nao Chuo cha Reli Tabora walinicheka mpaka wakachoka: dereva mzima kageuzwa mwalimu wa chekechea.

Bango lenyewe lilikuwa la kutisha, lina damu na mguu uliokatika. Sikulipeleka shule yoyote. Liliishia kuziba upenyo wa banda la kuku nyumbani. Mtoto wa Buguruni, hapa Dar es Salaam, anavuka reli asubuhi akienda shule, anavuka mchana akirudi, jioni anatumwa chumvi ng'ambo anavuka tena, na usiku analala salama salimini. Ukimwonyesha mguu uliokatika atajua ni wa mtu mwingine, mzembe fulani asiyemfahamu.

Mimi nilikuwa nawafahamu kabla hawajanifahamu. Ukiwa juu ya kichwa cha treni unayaona maisha ya watu kwa nyuma, upande wa majiko na kamba za nguo. Reli ya kati ni kongwe kuliko mitaa inayopakana nayo: Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, na mji ukaja baadaye kuibana huku na huku. Hifadhi ya reli tunaambiwa ni mita 15 kila upande mjini na 30 vijijini, lakini masika yakishika, pakavu panapobaki ni juu ya tuta, na hapo ndipo watoto hupita, taruma hadi taruma, viatu mkononi. Wengine hutega vizibo vya soda juu ya chuma vibondeke, au misumari wapate visu vya kuchezea. Treni ya mjini ilipoanza mwaka 2012, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mambo yalizidi ugumu kwetu madereva. Ilikwenda Ubungo Maziwa asubuhi na jioni, na asubuhi ndiyo saa ya watoto kuwa njiani.

Siku moja, upande wa Tabata, binti mdogo mwenye ndoo kichwani alisimama katikati ya reli. Nikapiga honi, nikakaza breki. Dereva wa treni akishafanya hayo mawili kazi yake imekwisha. Yanayofuata anayatazama tu kama abiria. Yule mtoto hakukimbia. Aliniangalia usoni, ametulia, kana kwamba zamu ilikuwa yangu. Mama mmoja akamnyakua mkono, ndoo ikabaki, nikapita nayo.

Alichokuwa akikingoja nilikuja kukijua Vingunguti, darasa la nne. Nilikuwa nimewasimulia kisa hicho, na mvulana wa dawati la mbele akanyoosha kidole: “Babu, sasa wewe kwa nini hukukwepa?”

Darasa zima likamuunga mkono, na baadhi yao walinitazama kwa lawama. Watoto hawa wamelelewa na daladala na bodaboda. Dereva wa daladala atatukana, lakini atakata kona. Wa bodaboda atapita ubavuni. Wanajua kusoma macho ya dereva na kupima nani atampisha nani, na ujuzi huo umewavusha barabara nyingi. Kwenye reli ndio unaowaua. Tangu siku ile sijaanza somo kwa namna nyingine. Nachora kichwa cha treni ubaoni, nawaambia waje waniwekee usukani. Wanabishana wauweke wapi. Kisha nawaambia haupo.

Breki nazo hawaziamini mpaka wazione kwa miili yao. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hugusa sehemu ndogo kama sarafu, ndiyo maana injini moja inaweza kuvuta mzigo mkubwa namna ile, na ndiyo maana mzigo huo hausimami. Treni ndefu ya mizigo inaweza kutaka kilometa nzima na zaidi. Basi nawapeleka uwanjani, nawapanga mstari mmoja, kila mmoja kashika mabega ya mwenzake, wakimbie. Nikipuliza filimbi, wa mbele husimama na wa nyuma huwajia mgongoni, wote chini, kicheko na vumbi. Walimu wa zamu hawalipendi zoezi hili kwa sababu ya sare.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza safari, kwanza Morogoro kisha Dodoma, ilibidi nifundishe upya hata wazee. Tulikua tukiambiwa weka sikio kwenye chuma, sikiliza tuta likitetemeka, injini ya dizeli utaisikia ikinguruma toka mbali. Hii mpya ikienda kilometa 160 kwa saa humaliza uwanja wa mpira mtoto akiwa ndiyo kwanza amemaliza kusema “Shikamoo mwalimu”, na mlio wake unausikia yenyewe ikiwa imeshakaribia. Juu yake kuna waya wa volti 25,000. Umeme wa kiasi hicho haungoji uushike, unaweza kuruka ukakufuata, sembuse uupelekee upondo wa kuangulia maembe. Uzio upo, na watu wameutoboa.

Shule moja nje kidogo ya jiji nilimaliza somo, nikauliza nani ana swali. Msichana wa darasa la sita akasema njia ya kupita chini ya reli imejaa maji tangu mvua zianze. “Wewe ungepita wapi, babu?”

Nikamwomba anipeleke. Nilikunja suruali, maji yakanifika mapajani, ya kijani, yana chupa na chandarua kikuukuu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hapo ni kifuani. Barua niliandika, na ofisi iliyoipokea haikujibu. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha wazazi Jumamosi. Wakaja akina mama wengi na wanaume wachache, tukachimba mfereji hadi korongoni, na kufikia adhuhuri maji yalikuwa yanaondoka. Jumatatu mwalimu mkuu alinipigia simu kwamba wadogo wanapita chini, ila wavulana wa darasa la saba bado wanapenya kwenye tundu la uzio, na anawajua kwa majina. Nikamwambia asiwachape, awakusanye, Jumatano nakuja.