Urithi wa Vitukuu

Mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa ahadi katika mkutano uliofanyika Arusha. Aliahidi, kwa niaba ya nchi, kuwa litafanywa kila linalowezekana ili wanyama wa porini wadumu, hata wajukuu wa watoto wa siku zile waje kuufaidi urithi huo wa thamani. Miaka imekwenda, na vitukuu wale wamekwisha zaliwa. Wengine wao nimewafundisha kusoma na kuandika. Nataka kutazama jinsi urithi huu unavyowafikia wale wanaoishi karibu nao kuliko watu wote.

Shule niliyofundisha imo katika kijiji kilicho pembezoni mwa Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kila mwaka mahindi yalipokaribia kukomaa, darasa langu lilibadilika. Viti vingine vilikuwa vitupu, na katika viti vilivyokaliwa vichwa vilianguka juu ya madaftari. Sababu haikuwa uvivu. Mchana watoto huamia ngedere na nyani. Usiku hupanda dungu pamoja na baba au kaka zao, wakapiga madebe na kuchochea moto hadi alfajiri. Tembo mmoja aweza kula yapata kilo 150 kwa siku. Kundi dogo likiingia shambani usiku mmoja, chakula cha nyumba cha mwaka mzima kimekwisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wala alalaye mjini hamjui mtoto aliyekesha akisikiliza mabua yakivunjika gizani.

Watoto hao niliwafundisha habari za tembo kama zilivyo vitabuni: kuwa huchukua mimba miezi 22, kuwa mavi yake hutawanya mbegu za miti, na kuwa watu huja kutoka nchi za mbali kumtazama. Waliandika vizuri, wakajibu vizuri. Siku moja tulipata gari tukaingia hifadhini. Wengi wao, ingawa walizaliwa kando ya mpaka wake, hawakuwa wamepata kumwona tembo mchana. Tulimkuta jike na mtoto wake majini, naye akimkinga kwa mguu asiteleze. Mvulana mmoja wa darasa la tano alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa mshangao, "Kumbe nao hulea!" Neno hilo lilitosha kuonyesha faida ya elimu. Adui wa usiku alikuwa amegeuka kiumbe chenye watoto. Lakini jioni ile ile mvulana huyo alipanda dungu kama kawaida, na kesho yake alisinzia. Somo lilikuwa limembadilisha moyo. Maisha yake lilikuwa limeyaacha pale pale.

Sitaki kudharau yaliyofanywa. Tangu mwaka 1980 klabu za Malihai zimewakusanya wanafunzi wa nchi yetu kujifunza mazingira na kupanda miti. Mpango wa ujirani mwema wa hifadhi za taifa umevipa vijiji vingi madarasa, madawati na zahanati. Haya ni mema, na asiyeyashukuru hana haki. Ila dawati zuri halimwamshi mtoto aliyekesha. Ziko pia kanuni za mwaka 2011 zinazompa malipo aliyeharibiwa mazao, nayo huitwa kifuta jasho. Kwa aliyejeruhiwa au kufiwa huitwa kifuta machozi. Majina hayo ni ya kweli kabisa. Hufuta kilichokwisha kutoka, hayazuii kisitoke.

Kwa hiyo naona kuwa elimu ya mazingira na msaada wa jamii si mambo mawili. Samaki mkunje angali mbichi, twasema, lakini samaki huyu hakunjiki kwa maneno matupu. Kumtaka mtoto ampende tembo huku tukimwachia peke yake gharama ya kuwa jirani wa tembo ni kumfundisha kuwa mapenzi ni kazi ya maskini.

Msaada ninaousema si wa ajabu. Watu wazima wa kijiji waweza kulinda kwa zamu, ili mtoto wa shule aondolewe katika orodha ya wanaokesha. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana vyaweza kupikwa shuleni katika miezi ya ulinzi. Bweni laweza kumwokoa msichana anayetembea alfajiri katika njia ya nyati. Na mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka shule isimtenge mtoto na kazi za watu wake. Basi shule ilime pilipili, maana kamba iliyofungwa vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili huwachukiza tembo. Ifuge na nyuki: mizinga ikitundikwa katika waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Jambo hili limekwisha jaribiwa chini ya milima ya Udzungwa. Halimzuii kila tembo, lakini hupunguza hasara, na asali huuzwa. Hapo mtoto hujifunza tabia ya mnyama, hesabu ya mavuno na kinga ya shamba la mama yake katika somo moja.

Mrithi hupewa mali pamoja na uwezo wa kuitunza. Akipewa mzigo tu, amerithishwa deni. Ahadi ya mwaka 1961 ilitolewa kwa jina la watoto hawa. Njia nyepesi ya kuanza kuitimiza ni kuhakikisha kuwa usiku wa leo, mahindi yakiwa yamekomaa, wao wamelala.