Nani Kashika Kufuli?

Kuna usiku mmoja nilipanga kuondoka nyumbani kwangu. Begi lilikuwa tayari, chini ya kitanda. Mimi na mume wangu tulikuwa na siku nne hatusemeshani, yaani ni salamu tu mbele ya mtoto. Kisa? Ada ya shule. Mimi sitoi hela yangu mpaka anieleze mshahara wake unaenda wapi. Yeye haelezi kitu mpaka nitoe nusu yangu.

Saa saba usiku simu yake ikalia. Seva ya kazini kwao inagandaganda. Akafungua laptop sebuleni, nami nikajifanya nafuata maji. Kwenye kioo ujumbe ulikuwa unajirudia: prosesa namba 2 imekwama kwa sekunde 22.

"Si uizime tu, uwashe upya?" nikajikuta nimesema.

"Nikizima sasa hivi ushahidi unapotea. Kesho itaganda tena."

Nikavuta kiti. Akanieleza kwamba Linux, mfumo unaoendesha seva ile, una mlinzi ndani ya keneli, yaani kiini chake. Kwa kawaida, prosesa ikizama kwenye kazi ya keneli zaidi ya sekunde 20 bila kupisha kazi nyingine, mlinzi hupiga kelele na kuandika ilikuwa imefikia hatua gani.

"Lakini usidanganyike, mke wangu. Inayotajwa si lazima iwe ndiyo yenye kosa. Mara nyingi inasubiri kufuli lililoshikwa na nyingine. Na haisubiri kwa kulala. Inazunguka palepale: limefunguliwa? Limefunguliwa?"

Kwa hiyo akaiamuru keneli imwonyeshe hatua za prosesa zote, siyo ile inayolalamika tu. Akazilinganisha na programu yenyewe, mstari kwa mstari. Namba 2 imeshika kufuli la kwanza, inataka la pili. Namba 5 imeshika la pili, inataka la kwanza. Zote zinachapa kazi, na hakuna inayokwenda popote.

Akahifadhi ushahidi, ndipo akaiwasha seva upya, bila ile dreva iliyoongezwa wiki ile. Dawa ya kudumu, akasema, ni kila sehemu ya programu kuchukua makufuli kwa mpangilio mmoja. Anayetangulia kuchukua la pili ndiye anayewakwamisha wote.

Tukakaa kimya. Kisha nikamuuliza, kwa upole safari hii, "Na wewe umeshika nini?"

"Mama anaumwa," akasema. "Dawa zake nalipa mimi. Niliona aibu kukwambia."

Siku hizi tuna mpangilio wetu: kwanza hesabu mezani, halafu ndiyo hela. Wote wawili. Kwa hiyo wewe unayefikiria kuzima na kuwasha upya, hebu uliza kwanza mwenzio kashika nini.

Asubuhi nilikwenda kulitoa lile begi. Nguo zangu nilizikuta kabatini, zimekunjwa ovyoovyo, kikwao wanaume. Kumbe alishaliona.