Mto Uliofichika Ndani ya Jicho

Uwanda wa Dodoma ni nchi ya mito isiyoonekana. Kiangazi kinapoingia, hubaki mchanga mtupu; lakini Wagogo wanajua kwamba maji yamelala chini, nao huchimba mchangani wakayateka. Mzee mmoja wa Kongwa, mfugaji aliyemjua kila ng'ombe wake kwa madoa, alikuwa hodari wa kuyatafuta maji hayo. Hakujua kwamba ndani ya jicho lake umo mto mwengine, nao unapungua.

Alianza kujikwaa kizingitini. Kisha akawa anagongana na mbuzi waliompita ubavuni. Maumivu hakuwa nayo, na uso wa aliyezungumza naye aliuona barabara. Akasema ni uzee. Binti yake hakuridhika.

"Baba, twende yakapimwe."

Daktari akalitaja jina: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho.

Waama, Kongwa si ngeni kwa maradhi ya macho. Trakoma imechunguzwa huko tangu miaka ya 1980. Aidha, uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya wilaya hiyo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2000, ulipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Ikabainika kuwa takriban 4 katika kila 100 wana glakoma.

Jicho hutengeneza maji yake lenyewe, na yasipopata njia nzuri ya kutokea, shinikizo hupanda. Neva ya kuonea, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, hulishwa na ateri nyembamba mno pale inapoanzia nyuma ya jicho. Damu huingia humo kwa shinikizo la mwili, na shinikizo la jicho huikabili. Likipanda la jicho, ama likishuka mno la damu, kama liwezavyo kushuka usiku mtu amelala, lishe hupungua. Ndiyo maana wapo wanaougua ilhali presha ya jicho lao ni ya kawaida.

Ateri za retina nazo mara nyingi huonekana zimesinyaa. Hapo wataalamu wangali wanajadiliana: je, ateri husinyaa kwanza, neva ikafa kwa kiu? Au neva hufa kwanza, ateri zikanywea kwa kukosa wa kumlisha? Yumkini yote mawili hutokea.

Mzee hakuuliza hayo. Aliuliza moja tu:

"Nuru iliyokwenda itarudi?"

Haitarudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ya matone, ama upasuaji, hushusha shinikizo ili kilichobaki kisalie. Daktari akaongeza kwamba watoto na ndugu wa mgonjwa wamo katika hatari kubwa kuliko watu wengine.

Usiku ule binti alimtilia baba yake tone la kwanza. Mzee akafumba macho, akangoja liingie, kisha akasema:

"Nawe kapimwe, mwanangu. Kisima huchimbwa mchanga ungali na unyevu."