Fomu ya Pili Isiyoonekana

Katika somo la kompyuta tuliwapa wanachuo zoezi la kuandika, kwa lugha ya C#, programu ya kukokotoa wastani wa alama. Klasi moja ilikokotoa. Fomu ilipaswa kuonyesha jibu katika kisanduku. Programu ya mwanachuo mmoja ilikwenda bila kutoa onyo lolote, ila kisanduku kilibaki kitupu. Tukamwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu yake ni mbovu.

Jioni tuligundua kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Klasi ni kama ramani ya nyumba: kwa ramani moja hujengwa nyumba nyingi, na kuipaka rangi nyumba ya pili hakubadilishi ile ya kwanza. Ndani ya klasi ya kukokotoa, mwanachuo aliunda fomu ya pili, isiyoonekana, akaandika jibu humo. Nasi ndio tuliomfundisha kuunda kitu kipya kila mara.

Kesho yake tulimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale, tukasahihisha pamoja: klasi irudishe jibu tu, na fomu iliyo wazi iliandike yenyewe katika kisanduku chake. Ndugu walimu watarajiwa, kabla hamjalilaumu jibu, ulizeni limeandikwa wapi.