Ukienda ukweni Moro, usipake waksi juani

Msomaji wangu, Moro wanaiita mji kasoro bahari, na anayebisha hajafika Msamvu Jumamosi jioni. Siku hizi kuna treni ya umeme, imeanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024, lakini mimi safari hii nilitinga na mchuma. Nilikuwa napeleka posa kwa Waluguru, na mzee mmoja alishanitonya: "Kule ukoo unafuata upande wa mama. Baba mtu utamsalimia, lakini wa kumridhisha ni mjomba."

Mchuma wenyewe si wangu. Ni Corolla nyekundu ya braza, ya siku nyingi, aliyoniazima shingo upande. "Ukirudi nayo ina mkwaruzo, katafute kaka mwingine." Kilometa kama 190 za jua, vumbi na wadudu, nikafika boneti limepauka kama midomo ya mfungaji.

Nikasimama kwa vijana wanaoosha magari. Nikajifanya mjuaji: "Dogo, tushuke mtoni, maji ya bure, tumalizie na dizeli ing'ae."

Dogo akacheka. "Braza, mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa Dar. Unataka kuosha gari halafu ulinywe? Na hiyo dizeli inang'aa kwa saa moja tu, kisha inanasa vumbi lote la Bigwa, na mipira ya milango inaharibika."

Nikafyata. Akanipa darasa. Osha kwa shampuu ya magari, si sabuni ya unga. Anza kwenye paa ushuke chini, na kitambaa ukisuuze kila mara, maana mchanga ndio unaochora rangi. Kausha. Halafu jua kwamba polishi na waksi si kitu kimoja. Polishi inakwangua tabaka jembamba la rangi iliyokufa. Waksi haikwangui kitu, inakaa juu ya rangi kama mwavuli. Gari lililopauka linaanza na polishi, kidogo tu, maana rangi haioti tena kama nywele.

Polishi akapiga yeye, na wekundu ukarudi. Zamu ya waksi, haraka zikaniponza. Alipokwenda kuchota maji, nikasogeza gari juani ili "ikauke upesi", nikapaka boneti zima, nene kama siagi kwenye mkate. Boneti lilikuwa la moto, ungeweza kukaanga yai. Waksi ikaganda papo hapo, mabaka meupe kila mahali. Saa nane mchana hiyo, na wazee wananisubiri saa kumi! Jasho lilinitoka, mazee.

Dogo hakunisema. Tukarudisha gari kivulini, tukasubiri mpaka kiganja kikatulia juu ya bati. Akapaka waksi mpya kidogo juu ya yale mabaka, yakalainika, akafuta. Kisha akaendelea kipande kwa kipande, tabaka jembamba. Ikifanya ukungu, pitisha kidole. Kikiacha njia safi, futa kwa kitambaa laini. Plastiki nyeusi usiziguse, zinabaki na weupe.

"Sasa inasaidia nini?" nikauliza. Akanionyesha magimbi kando ya mfereji, akamwagia maji jani moja. Maji yakajikusanya matone matone, yakateleza, jani likabaki kavu. Lile jani lina nta yake. Na si utani, nta maarufu ya magari, karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mchikichi huko Brazil. Mti unaitumia usikaushwe na jua, sisi tunaipaka kwenye Corolla.

Ila usidanganyike: waksi haizibi mkwaruzo wala haiponyi kutu. Jua na mvua vinaimaliza. Ukiona maji yanatandazika badala ya kufanya matone, paka tena. Gari linalolala nje, kila miezi miwili au mitatu.

Tukapanda kuelekea Matombo, Uluguru imevaa kofia ya mawingu. Tulipoacha barabara kubwa, mvua ikashuka. Tukafika ukweni gari ni tope tupu. Nilitaka kulia. Mvua ilipokatika nikaomba ndoo ya maji, nikamwagia, na tope likateremka lenyewe. Wekundu ukatokeza.

Mjomba mtu alikuwa kibarazani ananitazama.

"Gari lako hilo?"

Nikafikiria kudanganya. Nikaacha. "Shikamoo mjomba. La kaka, nimeazima."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Anayetunza cha kuazima, huenda na chake atakitunza. Karibu ndani."

Posa imepokelewa, mahari bado tunavutana. Braza naye alilizunguka gari lake mara mbili, akakosa la kusema, mwisho akauliza: "Lile kopo la waksi limebaki?"