Mgeni Njoo Jumapili: Karamu ya Jiko Moja Mitaani Eastlands

Kuna ugonjwa ulioingia katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, nao ni kuwakimbia wageni. Mtu anaarifiwa kwamba wakwe watafika Jumapili, naye anaanza kuhesabu viti. Akiona havitoshi, anawapeleka wazee wa watu hotelini katikati ya jiji, wakale kuku na chipsi huku mhudumu akiwakodolea macho kwa kuwa anataka meza yake. Malipo yakifika, ni karibu nusu ya kodi ya nyumba. Wazee nao hurudi mashambani bila kujua mtoto wao anaishi wapi.

Sababu inayotolewa ni kwamba nyumba ni ndogo. Ni kweli, lakini si jambo geni. Nyumba nyingi za kwanza za Eastlands zilijengwa na serikali ya kikoloni na kampuni ya reli kwa ajili ya wanaume wafanyakazi, ambao ilidhaniwa wangeacha wake na watoto mashambani. Chumba kilikuwa cha kitanda, na jiko au bafu likawa la watu wengi. Kaloleni ya miaka ya 1940 ni kati ya mitaa ya awali iliyopangwa kwa kufikiria mtu mwenye jamii yake. Kwa hivyo mgeni hakuwa katika ramani hata kidogo. Hata hivyo alikuja, akakaribishwa, akala akashiba. Wenyeji walijua namna ya kupika karamu kwa jiko moja, na ujuzi huo haujapotea. Unahitaji tu kuufuata uliko.

Tuanzie Muthurwa, Jumamosi asubuhi, tukiwa na kiondo. Soko hili lilifunguliwa mwaka wa 2008, na mtu wa pilau ana haja nalo kwa vitunguu. Chagua vikubwa, vyekundu, vikavu shingoni. Nunua pia nyanya ngumu za kachumbari na ndimu. Usibebe kila kitu unachokiona. Wanaoharibu karamu wengi huiharibia hapa, kwa kununua vitu vya mapishi sita ilhali nyumbani kuna jiko moja.

Ukielekea hadi karibu na City Stadium utafika Burma. Inasemwa kwamba jina hilo lilitokana na askari waliokwenda kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, kama vile Kariokor, ng'ambo ile, inavyokumbuka wapagazi wa Vita vya Kwanza. Soko la Burma ni la nyama. Asiyejua huomba nyama laini isiyo na mfupa, akalipa zaidi, kisha akashangaa pilau yake kukosa ladha. Omba kifua au mbavu, pamoja na mfupa na mafuta kidogo. Supu ya mifupa hiyo ndiyo itakayoupika mchele.

Kutoka Burma tunakatia Shauri Moyo, ambako sauti za nyundo zinakupokea kabla hujawaona mafundi. Mafundi wa jua kali wa sehemu hizi walikuwa mstari wa mbele kutengeneza lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuvuka mipaka hadi nchi jirani. Jiko hilo hushika moto muda mrefu kwa makaa machache, na kwa mapishi ya wageni hilo ni jambo kubwa: pilau haitaki moto wa hasira. Wenye gesi hawana la kupoteza, bali wapunguze moto hadi uwe kama wa mshumaa.

Hatua chache mbele ni Pumwani, na ndani yake Majengo. Mtaa huu ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920, na waliojenga nyumba zake wengi walikuwa Waislamu, wengine kutoka pwani na wengine watu wa bara waliosilimu. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Ndiyo maana mpaka leo ukitaka kujua bizari gani ni ya pilau, Majengo ni mahali pa kuuliza. Asubuhi utakuta mahamri na mbaazi za nazi. Kukiwa na harusi utakuta sufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani.

Sasa pilau yenyewe, ya watu wanane. Jumamosi jioni chemsha kilo moja ya nyama kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka iive, uiweke na supu yake. Asiye na friji aichemshe tena asubuhi na mapema. Jumapili, loweka kilo moja ya mchele wa pishori kwa nusu saa. Kaanga vitunguu vikubwa vinne katika mafuta ya kutosha, polepole, hadi viwe rangi ya kahawia iliyokolea. Hapa ndipo penye siri. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, wala haitoki kwenye kikopo cha unga wa mchuzi wala kwenye nyanya. Kitunguu kikiwa cha dhahabu tu, pilau itakuwa nyeupe. Kikiungua, itakuwa chungu. Simama hapo hapo, simu iite mpaka ichoke.

Tia kijiko kikubwa cha jira iliyotwangwa, kipande cha mdalasini, iliki sita, karafuu sita na pilipili manga kidogo. Ongeza nyama na viazi vichache, ukoroge vishike viungo, kisha mimina supu: kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Onja. Supu iwe imezidi chumvi kidogo tu, kwani mchele utainywa. Ikichemka tia mchele uliouchuja, na maji yakikaribia kukauka funika, punguza moto, weka makaa machache juu ya kifuniko na uiache dakika 20. Usifunuefunue. Wakati huo jiko halikuhitaji, nawe unaweza kuoga na kuvaa.

Kachumbari hukatwa mwisho kabisa. Vitunguu vikate vyembamba, uvisugue kwa chumvi na kuvisuuza mara mbili ili ukali utoke, ndipo uchanganye na nyanya, dania na ndimu. Ikikaa saa nzima huwa supu.

Mtu atasema wakwe zake hawali pilau tupu. Ni kweli kwamba Eastlands ni ya makabila yote, na mkwe kutoka kando ya Ziwa Viktoria atamtazama samaki kabla ya kutazama mchele. Basi soko la Gikomba, jirani na Majengo, ni soko la samaki la kutegemewa, na kina mama karanga wa mtaani kwako watakuuzia sangara au ngege aliyekwisha kukaangwa. Mnunue mkavu, umchemshe dakika chache katika nyanya, kitunguu na maziwa au tui. Mboga nayo iwe ya jana: managu yaliyochemshwa, maji yake yakamwagwa, yakatiwa maziwa na kupashwa tena. Wapishi wa magharibi mwa Kenya wanajua kwamba mboga hii huwa tamu zaidi siku ya pili. Kwa mwenye jiko moja, hiyo ni neema.

Ninalolikataa ni ile tabia ya kurundika wali, chapati, mukimo na ugali katika sahani moja. Imetoka kwenye harusi, ambako kuna wapishi kumi na kuni za lori zima. Nyumbani, chagua kimoja. Kama ni chapati, ziwe chapati, zikiandamana na ndengu za nazi. Pakiti ya kilo mbili za unga hutoa 20 hivi za kadiri, na zote zinaweza kuchomwa mapema na kufungwa katika kitambaa.

Baada ya chakula huna haja ya keki. Majirani zetu wa Eastleigh hula wali na ndizi mbivu pembeni, na mgeni wa kwanza hucheka, kisha huomba ya pili. Nasi tunaweza kuchukua ndizi hizo mbivu za kupika, tukazitokosa kwa tui, sukari na iliki mapema, zikaliwa vuguvugu. Kisha chai ya tangawizi.

Kuhusu viti na sahani, mtaa ndio kabati. Vyama vingi vya kina mama vilianza kwa kununuliana vyombo, na bado vipo vyenye sahani za pamoja. Wanaoazimana huweka tone la rangi ya kucha chini ya sahani, kila nyumba na rangi yake, ili pasiwe na ubishi. Maji yawekwe kwenye mitungi tangu siku ya zamu ya mfereji. Watoto wale kwanza, mkubwa wao apite na jagi na beseni kuwanawisha wageni, maji yawe ya moto. Meza ya kahawa katikati ya makochi yatosha: pilau katika sinia moja pana, kachumbari bakuli la kioo, ndimu zilizokatwa, na vitambaa vya kushona kwa mkono ambavyo kila nyumba ya Eastlands inavyo na havitumiki.

Wageni wakiondoka, wasindikizwe hadi kituo cha matatu, tena pole pole, kwa maana mazungumzo mengi ya maana husubiri mpaka hapo. Vyombo vya kuazima virudishwe jioni iyo hiyo, na ile sahani ya juu irudi na pilau kidogo, kwani jirani amekuwa akiisikia harufu yake tangu saa tano.